Mchanga Mweusi wa Uani kwa Mto

Mimi ni fundi wa kuchomelea, na sipendi maswali. Pale Kambarage, Shinyanga mjini, watu wananijua: leta geti lako, sema unalitaka lini, nenda zako. Kwa hiyo siku Zipora Maige alipoingia karakanani kwangu, akaketi juu ya tairi bovu bila kukaribishwa na kuniuliza kama boti la chuma lililolala matopeni miaka thelathini linaweza kurudi majini, nilimjibu kwamba linaweza kurudi likiwa masufuria. Hakucheka wala hakukasirika. Aliuliza tena swali lile lile, kwa sauti ile ile, kama anayemuuliza mama mjamzito uchungu umeanza saa ngapi.

Baadaye nilijua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alikuwa mkunga wa zahanati huko Kahama kwa miaka thelathini na miwili. Alipostaafu aliuza kiwanja chake cha Nyahanga, ambacho mtu mwenye akili timamu angejengea vyumba vya kupangisha, akarudi kwao Isenyi, upande wa Geita, mahali mto Nyangoko unapotanuka kabla ya kuingia ziwani. Boti lilikuwa huko, limeota majani hadi mlangoni. Liliitwa Jitegemee. Enzi za ushirika lilibeba pamba ya vijiji vya mtoni kwenda ziwani, likarudi na chumvi, mafuta ya taa, wagonjwa waliopona na maharusi. Nahodha wake alikuwa Maige, baba yake Zipora. Mwaka 1987 Maige aliruka majini kuinasua kamba iliyokwama kwenye matete, na mto ukamchukua mbele ya abiria wake.

Nilikwenda kulitazama boti hilo ili nimkatalie vizuri. Nikakaa miezi mitano.

Sijui nieleze vipi. Nilikata chuma kilichooza, nikachomelea kipya, na kila jioni nilijiambia kesho napanda basi. Zipora, ambaye kijijini wanamwita Mama Klara kwa jina la binti yake, alikuwa akizunguka nyumba za wazee na kinasa sauti kidogo. Alirekodi kila kitu: jinsi ya kusuka mgono wa kutegea kambare, wimbo wa kupakia pamba, nani alimwoa nani na ng'ombe wangapi walivuka mto siku hiyo. Kila mzee alipewa kadi yake, yenye namba na jina, na kadi zikapangwa kwenye kisanduku cha mbao pembeni ya redio ndogo. Unachagua kadi, unaichomeka, unavaa visikilizio, unaketi kwenye benchi la abiria na kumsikiliza mzee wako. Sharti lake lilikuwa moja, nalo aliwaapia wazee wote: neno lao halitakatwa wala kufichwa.

Ukutani mwa boti, kwa ndani, alinipa kazi ya kuandika majina kwa rangi nyeupe. Watu arobaini na mmoja waliochukuliwa na mto tangu kumbukumbu ya wazee inapoanzia. Baba yake alikuwa wa thelathini na tatu.

Hapa lazima nieleze desturi ya Isenyi, kwa sababu bila hiyo hutanielewa. Mtu aliyekufa majini havushwi kizingiti cha nyumba. Akiingizwa ndani, wanasema, mto utamfuata na kuchukua mwingine wa nyumba hiyo. Huzikwa kwenye mpindo wa mto, mahali panapoitwa Uani kwa Mto, hatua mia mbili hivi kutoka gatini. Na kaburi lake haliwekwi jiwe, msalaba wala kijiti, ili mto usihesabu umeshachukua wangapi. Ukifika Uani huoni kitu. Unaona nyasi fupi na mbuzi. Zipora peke yake ndiye aliyejua nani amelala wapi, baba yake akiwemo, maana aliwauliza wazee mmoja mmoja, akaoanisha majibu yao na kuyaandika kwenye daftari lenye jalada la kijani.

Tulilishusha boti majini mwezi wa nne, mwaka juzi. Wanawake walipiga vigelegele, mimi nikatazama pembeni nisionekane nina machozi. Maji yalifika kwenye alama ya tatu niliyochora ubavuni. Mwezi wa nane yalikuwa kwenye alama ya pili, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Upande wa vilima karasha za wachimbaji wa dhahabu zilikuwa zimeanza kusaga mawe. Niliwahi kufanya kazi machimbo ya Nyarugusu miaka minne nikiwa kijana, naijua sauti hiyo, na najua haikai mahali pamoja. Kila nilipokuja kumtembelea Zipora na kukagua kutu, sauti ilikuwa imesogea. Wavuvi walianza kuleta samaki wachache, kisha wakaacha. Usiku boti liligusa tope na kulia, na Zipora aliniambia hilo kwa kawaida tu, kama anayesema paa linavuja.

Januari alianza kuja wakati huo. Alikuwa mchimbaji, mtu wa Kibondo, mrefu, mpole, mwenye udongo kwenye kucha ambao hakuna sabuni inayouondoa. Kila Jumapili alivua buti zake kwenye ubao wa kupandia, akasalimia shikamoo kwa Zipora na kwangu nikiwepo, akachukua kadi moja. Moja tu.

"Chukua mbili, kijana, hakuna foleni," nilimwambia siku moja.

"Nasikiliza mmoja mmoja, mzee. Mtu mzima hakatishwi."

Zipora alimpenda kwa jibu hilo, nami pia, ingawa sikuonyesha. Siku nyingine aliomba arekodiwe na yeye. Alisema amezaliwa kando ya Malagarasi, ana habari za kwao za mitumbwi na mamba. Zipora akasita. Boti, alisema, ni la watu wa Nyangoko. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikamtania: "Hapa ukutani huandikwi mpaka mto ukuchukue." Alicheka sana. Natamani asingecheka.

Bibi Eufrasia, mmoja wa wazee waliorekodiwa, ndiye aliyeleta mchanga. Kadi yake ni ya sita. Anasimulia jinsi wasichana wa zamani walivyosugua vyungu na sufuria, na siku ya kurekodiwa aliona maneno hayatoshi, akaja na chungu chake cha ndoa na kibuyu kidogo cha mchanga wa kusugulia. Zipora akaviweka mezani ili watoto wa shule wajaribu. Mchanga ule ulikuwa mweusi, laini, wenye kumetameta. Na mzito. Kwenye kadi bibi anacheka na kusema kibuyu kimoja kilitosha kuuma shingo hadi nyumbani, ila sufuria iling'aa ukajiona meno.

Jumapili ya sita ilipofika, nilikuwa ndani nakaza bawaba ya dirisha. Nilimwona Januari akivua visikilizio polepole. Akakifuata kibuyu. Akamimina mchanga kidogo kiganjani, akautikisa kwa ule mzunguko ambao mkono ukishaujua hausahau, akaupuliza. Akainamisha kiganja kwenye mwanga wa dirisha.

"Mama," alimwita Zipora. "Huu mchanga bibi aliuchota wapi?"

Bibi Eufrasia, Mungu ashukuriwe, hakutaja mahali kwenye kadi yake. Alisema tu "kule kwetu kwa siku zote". Zipora akajibu kwamba itabidi amuulize. Januari akashukuru, akarudisha mchanga wote kibuyuni, hata ule ulioganda kwenye jasho la kiganja, akavaa buti zake, akaondoka.

Nilimwambia Zipora akae.

"Mama Klara, ule mchanga unatoka Uani?"

"Ndiyo. Kila mwanamke wa hapa aliuchota Uani. Kuna nini?"

"Mchanga mweusi mzito hautembei peke yake. Mchimbaji yeyote akiuona kwenye karai yake anajua kinachofuata ni dhahabu. Wakijua unatoka Uani, watakuja na sururu. Kaburi lisilo na alama halimzuii mtu."

 Nilimwona akitazama jina la thelathini na tatu. 

"Nitawaambia ni makaburi."

"Ukiwaambia ni makaburi umewaambia mahali. Wapeleke kwingine. Sema bibi alichota kule juu, Kwa Mabula. Kule ni tope tupu. Watachimba wiki mbili, watachoka, watahama. Wachimbaji ni watu wa kuhama."

Kwa Mabula ni kivuko cha zamani, mipindo miwili juu ya gati. Zipora alikigeukia kisanduku cha kadi.

"Kadi ya kumi na mbili ni ya Mzee Edward," alisema. "Anaeleza jinsi ukingo wa pale ulivyowameza ng'ombe wa Mabula, ishirini na watatu, mwaka wa mvua kubwa. Anasema udongo wa pale juu ni mkavu, chini ni uji."

"Ng'ombe ni ng'ombe. Watu wanafunga matimba, magogo ya kushikilia kuta."

Niliyasema hayo, na sitayakana. Nilikuwa na haraka ya kuwa na akili. Nikaongeza kwamba kadi hiyo aitoe, maana Januari akiisikiliza atajua kule hakuna mchanga wa kusugulia hata kijiko. Zipora akakifungua kisanduku. Mkono wake ulikaa juu ya kadi zile muda wa mtu kusali sala fupi. Kisha akaichukua ya kumi na mbili, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake.

Ilikuwa mara ya kwanza kumficha mzee. Jioni ile hakula.

Jumapili iliyofuata alimwambia Januari: Kwa Mabula. Alisema akitazama maji. Januari alimshukuru hadi nikaona aibu, akampa mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu," alisema. Alikuwa ameanza kujifunza Kisukuma. Ndani ya siku nne walikuwa kule wanane, na turubai, na kamba, na jenereta ya kuvutia maji. Zipora alikwenda mara moja kuwaangalia, akarudi akasema wanafunga matimba vizuri. Alilisema mara tatu bila mimi kumuuliza.

Na Januari hakuacha kuja. Hilo hatukulipanga. Tulifikiri akishapata alichotaka ataachana na wazee, kumbe wazee ndio aliokuwa anawataka. Kadi ya saba. Ya nane. Kila wiki aliketi kwenye benchi lile, tope la Kwa Mabula kwenye suruali, akicheka na wazee visikilizioni. Alisema duara lao, yaani shimo wanalochimba, limefika urefu wa watu wawili na bado ni tope, lakini hana wasiwasi kwa sababu mama hawezi kumdanganya. Ya tisa. Ya kumi. Nilikuwa nimerudi Kambarage kumalizia mageti ya mtu, ila Zipora alinipigia simu kila Jumapili jioni na kunitajia namba tu. Ya kumi na moja, akasema, kisha akakata.

Jumapili ya kumi na mbili nilipanda basi, nikafika Isenyi saa tano asubuhi. Mawingu yalikuwa mazito upande wa juu wa mto. Januari alikuwa amepiga magoti mbele ya kisanduku.

"Mama, ya kumi na mbili haipo."

"Imeharibika," Zipora alijibu.

"Huyo mzee yuko hai? Nimfuate nyumbani anisimulie mwenyewe."

"Alifariki mwaka jana."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Januari alisikitika kama aliyefiwa. Akasema basi ataruka kwenda ya kumi na tatu, ingawa haipendezi kumruka mtu mzima. Nilimtazama Zipora. Kona ya kitenge chake ilikuwa na fundo, alitembea nalo kila siku, na vidole vyake vilikuwa vimelishika. Nilidhani atalifungua. Nadhani na yeye alidhani hivyo. Lakini nje ya dirisha Uani palionekana vizuri, nyasi fupi na mbuzi, na baba yake yuko pale chini. Hakulifungua. Januari akasema leo hatasikiliza, mvua inakuja, afadhali wakavute maji kabla duara halijajaa. Akavaa buti.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku zote hudhani ataimaliza peke yake.

Mvua haikunyesha Isenyi hata tone. Ilinyesha juu, na mto ukaja saa tisa mchana ukiwa mwekundu, umebeba vigogo. Kwa Mabula ukingo haukuporomoka kwa kishindo. Walionusurika walisema ulikaa tu, kama mtu mzito anavyokaa kwenye godoro, matimba na vyote, na mto ukaingia shimoni. Wawili walivutwa kwa kamba. Januari alikuwa wa chini kabisa. Walimpata kesho yake asubuhi, wakamleta juu ya turubai, wakamlaza gatini, karibu na ubao aliokuwa akivulia buti.

Zipora alimwosha uso yeye mwenyewe. Kucha zake alizisafisha kwa kijiti muda mrefu, na udongo haukutoka.

Mwenyekiti wa kitongoji, Amosi, aliita watu. Wachimbaji walikuja wote, labda sitini, wakasimama na kofia mikononi. Mama yake Januari alipigiwa simu huko Kibondo, Amosi akaweka sauti kubwa. Yule mama alilia kwanza, kisha akasema jambo ambalo halinitoki. Alisema mwanawe alikuwa akimsimulia habari za hilo boti kila wiki, wazee wote, kwa majina. Alisema: "Mzikeni kama mnavyozika watoto wenu."

Amosi akamgeukia Zipora. "Mama Klara, wewe ndiye mwenye desturi zetu. Azikwe wapi?"

Nilikuwa nyuma ya Zipora. Nilimnong'oneza kwamba yapo makaburi ya kanisa kule barabarani, kwamba huyu ni mgeni, kwamba desturi haimbani mgeni.  Nilijua sururu sitini zimesimama pale. Na yeye alijua. 

"Aliyechukuliwa na mto," alisema, "huzikwa Uani."

Kwa desturi wanaochimba ni wanaume wa nyumba ya marehemu. Januari hakuwa na nyumba hapa, kwa hiyo walichimba wenzake wa duara. Zipora aliwaonyesha nafasi, mbali kadiri alivyoweza na baba yake. Mwigulu, aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Januari, aliingia wa kwanza. Walichimba vizuri, maana ndiyo kazi yao, kuta zimenyooka. Udongo ulitoka mwekundu, kisha wa kijivu. Walipofika kiunoni koleo la Mwigulu lilitoa sauti nyingine, na kilichomwagika juu kilikuwa cheusi na kilimetameta.

Mwigulu alisimama. Aliinama akachota, akautikisa kiganjani mara moja. Kisha akainua macho, akawatazama wenzake waliokuwa juu ya kaburi, na wao wakamtazama.  Mbuzi mmoja alilia. Mwigulu akakung'uta kiganja chake kwenye suruali, akaendelea kuchimba.

Walimzika Januari kwa heshima zote. Waliimba vizuri kuliko sisi. Hakuna aliyegusa kitu siku ile, wala siku ya pili.

Siku ya tatu, baada ya kuanua matanga, Zipora alifungua kona ya kitenge, akairudisha kadi ya kumi na mbili mahali pake. Akanipa brashi, akaniambia niandike jina la arobaini na mbili. Niliandika. Aliniomba niongeze kwamba alitoka Malagarasi, nikaongeza, herufi zikapinda. Tulikuwa bado tunanusa rangi tuliposikia hatua kwenye ubao. Mwigulu alikuwa amevua buti zake, amezipanga pembeni, na nyuma yake ukingoni walisimama watu wengi kimya, na karai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Samahani kwa usumbufu. Tumesikia wapo wengine pale, zaidi ya Januari, na hawana alama." Alikuwa ameinamisha kichwa, na alimaanisha kila neno. "Tunaomba utuonyeshe wamelala wapi, mama. Tusije tukawagusa."

Zipora alimtazama, akatazama ukuta, akanitazama mimi. Sikuwa na la kumshauri, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilinyamaza kwa wakati unaofaa. Alikwenda kwenye kisanduku, akatoa daftari lenye jalada la kijani, akaketi kwenye benchi la abiria. Akaomba karatasi kubwa na kalamu.

Alichora mto kwanza. Kisha akachora duara dogo, na pembeni yake akaandika jina la baba yake.